Sauti Iliyokatwa Vipande

Kaka mkubwa wa mama mmoja mtengeneza meno ya bandia ndiye aliyemfundisha mambo ya redio. Wote wawili walikuwa na leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifurahisha tu, na miaka nenda miaka rudi walipiga soga hewani, mmoja mjini, mwingine ng'ambo ya vilima. Kisha kiharusi kikampinda kaka mdomo. Akazima mitambo yake, na hata simu akawa hashiki.

"Nadhani haya inamshika, hataki umsikie anavyogugumia," wifi alieleza. "Amebaki na kale karedio ka kando ya kitanda."

Karedio kale kalipokea AM tu. Basi mdogo mtu akaamua: transmita ya AM ataijenga mwenyewe.

Kilichomteka moyo ni moduleta, kile kifaa kinachoipandisha sauti juu ya mawimbi. Humo sauti haipiti nzima, inakatwa vipande. Transista hufunguka na kufungwa kasi kuliko kope: sauti ikipanda, hukaa wazi kitambo zaidi, ikishuka, hujifunga upesi. Halafu koili ya waya na kapasita inayohifadhi umeme huvilainisha vile vipande, vikawa tena pumzi ya mtu. Akiwaza hayo alijisahau katikati ya taya za plasta zilizoachama mezani, akaona nyumba ndefu yenye milango isiyo na idadi, yote ikipepea, na neno lake likipita humo bila kugusa kizingiti.

"Mama watoto," mumewe aliita toka mlangoni, "wateja wanauliza, watatafuna kwa ufizi mpaka lini?"

"Waambie kawia ufike."

Jaribio la kwanza lilizaa moshi. Transista zilipasuka, pu! pu!, chumba kikanuka kuungua. Alipogusa koili akaurudisha mkono mbio: ilikuwa moto. Ndipo alipoelewa. Pete ya chuma aliyoizungushia waya ilikuwa ndogo mno, umeme ukaishinda nguvu. Akatafuta pete nene, akaizungushia waya upya, taratibu, kama mtu anayemsuka nywele mtoto aliyesinzia.

Safari hii, alipowasha, transista zilipata vuguvugu tu. Akampigia wifi aelekeze karedio kwenye mawimbi yake, kisha akataja herufi zake za mwito, na hapo hapo hotuba aliyoiandaa ikamtoka kichwani.

"Kaka, ni mimi. Huku kuna manyunyu. Shemeji yako anadai nimeolewa na waya. Nimekukumbuka tu. Si lazima ujibu."

Akaachia kitufe. Mvumo wa hewa ukajaa chumbani kama mchele unaopepetwa mbali. Akafumba macho, akaelea humo, hata asijue ni kitambo gani. Simu ikamzindua.

"Umemfanya nini mwenzio?" Wifi alikuwa akicheka na kulia. "Kaning'ang'ania mkono mpaka nimemfikisha mezani kwenye mitambo yake!"

Kabla hajajibu, mlio mwembamba ulipenya ule mvumo: mfupi, mrefu, mfupi. Kaka alikuwa anabonyeza mors, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kwa kidole kimoja, polepole, na mdogo wake akazisoma herufi huku machozi yakimdondoka kwenye plasta.

SAUTI INAKWARUZA. KAPASITA NDOGO. NANI KAKUFUNDISHA?

"Wewe!" alifoka kwenye kipaza sauti, akicheka. "Ni wewe, kaka!"

Milio ikarudi: NGOJA NIKUELEZE.

Akavuta kiti, akachukua penseli.