Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mguu wa kulia ndio unaokanyaga pedeli. Kidonda cha kisigino cha mguu huo kilipomrudia mara ya tatu, alikuja dukani kwangu, duka la dawa, akichechemea kwa hasira. Sare tisini za shule zilikuwa zinamsubiri, na shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu.

"Dawa zenu siku hizi ni unga mtupu!"

"Ulimeza zote, shangazi?"

"Nilimeza mpaka maumivu yakaisha. Siku mbili. Vilivyobaki nikatunza. Mimi situpi hata uzi."

Akafungua kopo la vifungo. Humo, katikati ya vifungo vya mashati, vidonge vya kila rangi. Kidonda kiliporudi, alimeza vyekundu alivyotunza, na vilipoisha akamalizia na vya njano vya marehemu mumewe.

"Si vinaendana?" akauliza.

"Hii si blauzi, shangazi. Mara ya kwanza nilikueleza nini?"

"Usugu wa vimelea dhidi ya viuavijasumu. Nikasema mtoto wa kaka kasoma, nikaitikia."

Nikaona aibu. Diploma nzima, na nimeongea na ukuta. Nikamvutia kiti.

"Sikia. Kidonda kina wadudu wadogo, huwaoni. Dawa inaanza na wale legelege. Maumivu yanapungua, lakini wabishi bado wapo. Ukiiacha hapo, wanabaki na nyumba yao, wanazaana. Watoto wao wote wabishi, dawa ile hawaisikii tena."

Akakitazama kisigino kama anayemtazama mpangaji asiyelipa.

"Kumbe nilikuwa nawapa mazoezi!"

"Hasa."

"Na wewe ulijua, ukanipa hotuba! Ulitaka nikupigie makofi?"

Nikampeleka kwa daktari. Kidonda kikapimwa, akaandikiwa dawa nyingine, siku saba. Lile kopo alinikabidhi na vidonge vyote, akabaki na vifungo vyake. Siku ya nne akapiga simu.

"Maumivu hakuna. Usianze hotuba, nameza. Simwachi mdudu hata mmoja wa mbegu."

Sare zilitoka siku moja kabla shule hazijafunguliwa. Alikuja kwa miguu miwili iliyonyooka, na kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mashati, kimeshonwa kwa uzi mwekundu:

MEZA ZOTE ULIZOANDIKIWA. UKIKATISHA, UNAWAPA WADUDU MAZOEZI.

Akakitundika juu ya bango langu la zamani la "usugu wa vimelea dhidi ya viuavijasumu", akalifunika lote.

"Lako lilikuwa refu," akasema. "Nimelipunguza."