Raba ya Somo Yangu

Usiku wa jana niliota, na msisingizie maharage, sikuyala.

Mjukuu wangu Siwatu alikuwa na usaili leo asubuhi, wa ukarani kiwandani. Miaka miwili anasaka kazi. Jina lake ni langu, alipewa akizaliwa, ndiyo maana tunaitana somo. Basi ndotoni sauti ikaita, "Siwatu!" Nami, kwa mazoea ya miaka sabini, nikaitika, "Abee."

Kuitika huko ndiko kulikoniponza. Mara niko ndani ya ukumbi wa mtihani, na kanga yangu ya jikoni. Saa ya ukutani imevaa tai.

"Umechelewa," inasema.

"Wewe ndiye unayekimbia," naijibu.

Juu ya karatasi wameandika: Usigeuze mpaka uambiwe. Mimi nikageuza. Ukumbi nao ukageuka. Tukaangukia darini, watahiniwa wote na viti vyao, wala hakuna aliyelalamika. Waliogopa kupunguziwa alama.

Swali la kwanza: Je, unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo? Naandika ndiyo. Sakafu, ambayo sasa iko juu yetu, inaanza kushuka. Inanigusa utosi.

"Andika hapana," penseli inaninong'oneza.

"Mtoto atakosa kazi."

"Basi inama."

Nikainama. Nilipoinuka niko jikoni kwangu, na swali la pili limo ndani ya sufuria: mwiko, kinu, mbuzi ya nazi, kiatu. Kipi si mwenzao? Nikasema wote ni wenzao, kiatu ni cha kumtupia paka. Saa ikatikisa kichwa. Saa haina kichwa, lakini nilikiona.

Swali la mwisho lilikuwa picha mbili. Mimi, na Siwatu mdogo katika ile blauzi aliyoipiga pasi jana. Chini yake: Futa asiyehitajika. Pembeni, raba.

"Nisipofuta?"

"Nitafuta mimi," saa ikasema. "Wote wawili. Jina ni moja."

Na kweli, ncha za misuko ya mjukuu wangu zilikuwa zimeshaanza kupauka. Aliniangalia kutoka kwenye karatasi.

"Bibi, acha tu. Kazi zipo nyingine."

"Ziko wapi, somo?"

Mdomo wake ulikuwa unafifia.

Nikashika raba. Nikaanzia chini kwenye picha yangu, kidole kidogo cha mguu wa kushoto, maana hakijanifaa kitu tangu nilipokigonga kwenye kinu. Nikasugua. Hakikuuma, na hilo ndilo lililonitisha. Nikasogea kwenye cha pili.

"Muda umekwisha," saa ikasema.

Nikaamka. Kumekucha. Siwatu yuko mlangoni, misuko yake nyeusi tii, anapekua mkoba.

"Bibi, hujaiona raba yangu?"

Ngumi yangu ilikuwa imefumbwa. Nikaifumbua, nikampa.

"Mbona imeisha nusu? Nimeinunua jana."

"Nenda, somo, ukaitike jina lako. Wakiita, itika wewe; mimi sitaitika tena. Ila kwanza nipe soksi."

"Na joto hili?" Akacheka, akafungua sanduku. "Haya, hizi hapa."

Sikufunua shuka miguuni.

"Moja inatosha, ya mguu wa kushoto," nikamwambia.