Bustani Ndani ya Ndoo

Bakili alikuwa akizamia na mtungi wa hewa mgongoni, akimwokotea Mzungu mmoja makombe ya baharini. Kila jioni, chumbani Kariakoo, alimsimulia mkewe Mboni, mgonjwa asiyeinuka kitandani, jinsi matumbawe yalivyochanua kule chini kama bustani.

Leo akasema liwalo na liwe: akavunja tumbawe moja la zambarau, akalitia kwenye ndoo ya maji ya bahari ampelekee Mboni. Njiani maji yakamwagika, na mtu mzima yule, aliyeijua bahari kuliko nyumba yake, akaijazia ndoo bombani! Tumbawe na maji yasiyo na chumvi wapi na wapi?

Alipofika, lilikuwa limegeuka ute wa kijivu, linanuka shombo.

Mboni akachungulia ndooni, akageukia ukutani.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa ukiniacha peke yangu ukakitazame?"