Kinachobisha Ubavuni

Wiki ya tatu baada ya kuwekewa betri ya moyo Dar es Salaam, Matrida alianza kusikia mtu anabisha ubavuni mwake. Ilikuwa mchana, amejilaza nyumbani kwake Nyamuswa. Ko, ko, ko, chini ya mbavu za kushoto. Akilala chali, kimya. Akilalia kushoto, kunabisha tena.

Hakumwambia mtu. Alijua ni nani.

Mdogo wake Yuliana alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, miguu imevimba, pumzi haimtoshi kumaliza maneno. Moyo uliotanuka, ugonjwa ule ule uliokuja kumshika Matrida. Siku tatu kabla ya kifo, Yuliana alipanda bodaboda kutoka Nyasura akaja kwa dada yake. Walikuwa wamekosana kwa ajili ya shamba la mama yao. Matrida alikuwa ndani, akamsikia akihema mlangoni, akamsikia akibisha. Hakufungua. Yuliana alisubiri kidogo, akaondoka.

Sasa Matrida akawa analalia kushoto kwa makusudi, akiomba msamaha kwa sauti ya chini, na kule ndani hakuna jibu ila kubisha. Mwili wake wakati huo huo ulikuwa unapona. Uvimbe uliisha, akaweza kupanda mlima wa kisimani bila kupumzika. Kadiri alivyopata nguvu ndivyo alivyoogopa kwamba nguvu hizo si zake, ni za marehemu.

Tabitha, binti wa Yuliana, mwalimu kule Butiama, ndiye aliyempeleka Musoma siku madaktari wa moyo walipokuja kufanya kliniki. Daktari Florian aliweka kifaa juu ya betri kifuani, akatazama skrini. Matrida alieleza kule kubisha, jina hakulitaja. Daktari alimwambia kwamba waya wa betri unaoingia upande wa kushoto wa moyo umepita karibu na mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa kupumulia, kwa hiyo umeme wa betri unaurusha msuli huo, na ndiko kubisha anakokusikia.

“Lakini moyo wenyewe unaendelea vizuri, mama,” alisema. “Zamani umeme wa moyo wenyewe ulichelewa kufika upande wa kushoto. Chembe hai za huko zikaharibika tabia, kila pigo zikawa zinakawia kutulia. Sasa betri inaziamsha pande zote pamoja, na chembe zenyewe zinaanza kurudia hali yake.”

Akabadilisha mpangilio, akamwambia alalie kushoto. Matrida alilala, akasubiri. Hakuna kitu. Machozi yakamtoka, na daktari akadhani ni furaha.

Nje, wakisubiri dawa kwenye benchi, Matrida alishindwa kuendelea kunyamaza.

“Mama yako alikuja kwangu kabla hajafa. Nilikuwa ndani. Sikumfungulia.”

Jina la Matrida liliitwa dirishani, Tabitha akasimama.

“Aliporudi alituambia hakukukuta,” alisema. “Alisema ulikuwa umeenda shambani. Nilikuwaga naamini hivyo.”

Akaenda kuchukua dawa. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, peke yake. Aliposhuka Makutano ili ashike njia ya Butiama, alisogea dirishani, akamkumbusha Matrida kwamba vidonge vyeupe ni vya asubuhi, baada ya kula.

Tangu hapo hajakanyaga Nyamuswa. Kila mwezi, dawa zinapokaribia kuisha, hutuma nyingine kwa kondakta wa basi, zimefungwa vizuri kwenye bahasha, bila barua.