Taya la Mbele za Watu

…na upasuaji ni upasuaji hata wauite mdogo, fundi cherehani alikuwa anawaza, nta ya uvuguvugu imelala katikati ya meno yake na daktari amemwinamia, "uma kama kawaida yako, hivyo hivyo, usitikisike mpaka ipoe," naye akauma vizuri, kwa ustadi, maana kama kuna mtu anayejua kutulia anapopimwa ni yeye, kutwa nzima si huwaambia wateja simama wima mama, shusha mabega baba, na leo hababaishwi na mtu, mara ya kwanza alikwenda kichwa kichwa, daktari yule wa mwanzo akamfunga waya mwaka na nusu, meno yakanyooka kama pindo la shati, watu wakampongeza, kisha waya zikatolewa na baada ya miezi michache meno ya juu hayo, yametangulia tena, ya chini yamebaki nyuma, na maumivu yale yale chini ya masikio kila jioni, eti hukuvaa kile kidude cha kulalia, alikivaa! alikivaa mpaka kikapasuka… kwa hiyo leo hatoki hapa mpaka ajue tiba yake ni ipi, na daktari huyu angalau amesema waziwazi, nta hii ndiyo itakayoamua, mataya yakiwa yamepishana kidogo ni waya tena, yakiwa yamepishana sana ni kupasua la chini na kulisogeza mbele, na yeye anaomba iwe kidogo, haoni haya kuomba, nani atakaa kwenye cherehani zake huku yeye ananyonya supu kwa mrija mwezi mzima… "Wangemng'oa tu yale mawili ya mbele mambo yakaisha," shangazi anasema kule pembeni, mkoba mapajani, shangazi aliyemlea na ambaye hajawahi kumwacha aende kwa daktari peke yake, "mimi nimeng'olewa sita na mifupa naitafuna," na msaidizi wa daktari anacheka chinichini, cheka tu, hujakaa naye nyumba moja… daktari ameweka rula yake ndogo mbele ya meno, anakunja uso, "Milimita tatu. Ajabu. Kwa maumivu uliyonieleza nilitegemea zaidi," na moyo wa fundi ukaruka kwa furaha, tatu! waya tu basi! kisha ukatua vibaya, kwa sababu neno hilo, ajabu, analijua, alilisema mwenyewe siku mwalimu mkuu alipoleta kitambaa cha suti, futi ikasema kiuno kidogo kuliko alichokiona kwa macho, akasema ajabu, akakata hivyo hivyo, suti ikatoka safi, mwalimu mkuu akaketi na kifungo kikaruka mpaka kwenye kioo, akaapa kwamba fundi ndiye aliyekosea, kumbe mzee wa watu alikuwa amebana tumbo tangu alipoingia mlangoni, na futi haina kosa, futi huandika unachoionyesha, tangu siku hiyo anamtambua anayejibana kwa shingo, shingo hukaza, mishipa husimama, unamwambia pumua baba, pumua kwanza… na shingo yake yeye? Imekaza. Hapa, chini ya masikio, pale pale panapouma kila jioni, imekaza kama uzi uliovutwa, na hakuna aliyemwambia aikaze, daktari alisema kama kawaida yako, na hii ndiyo kawaida yake, si ndiyo? tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, wenzake darasani wanamwita Kifungua Soda, na mpiga picha wa shule anapaza sauti mbele ya wote, "We binti, funga mdomo!", haufungi, haujawahi kufunga, hata pini za kushonea zinamponyoka midomoni, akaenda nyumbani akasimama mbele ya kioo cha kabati jioni nzima mpaka akagundua kwamba ukilisukuma taya mbele, kidogo tu, midomo inakutana na unakuwa mtu kama watu, akalisukuma, akalisukuma mbele ya wateja, mbele ya mumewe, mbele ya daktari wa kwanza aliyepima na kufunga waya juu ya uongo, maskini, na lawama akambebesha yeye, na yeye huyu bingwa wa kupima watu akaubeba uongo huo miaka yote bila kujijua… sasa akinyamaza atapata milimita zake tatu, atarudi dukani, na baada ya mwaka atakuwa amelala tena kwenye kiti kama hiki, hapana, bibi wewe, pumua, pumua kwanza, akaliacha, taya likarudi nyuma kwa mtetemo, likapita pale alipodhani ndio mwisho, likazidi kurudi, midomo ikaachana, meno ya juu yakabaki nje peke yao chini ya taa ile kali, aibu ikampanda usoni kweli kweli, na chini ya aibu shingo ikalegea, hakuna kinachouma, saa hizi za jioni huwa panauma, leo hakuna kinachouma… watapasua, alijua, na akajiona ndani ya huo mwezi wa mrija, cherehani zimefunikwa, akaona nao utapita. "Aa, usisogee, haijapoa," daktari anasema, lakini fundi akaichomoa nta kwa vidole viwili, akamkabidhi. "Hiyo tupa, daktari. Siyo mimi. Lete nyingine."

Shangazi ameinuka nusu kwenye kiti, anamtazama kama mgeni. "We mtoto, umeufanyaje huo mdomo?"

"Nimeuacha tu, shangazi."