Usiandike "Tulijifanya"

Kuna watu wakiudhiwa huhesabu mpaka kumi. Mimi nikifika tatu nishasema. Kaka yangu ananijua, ndiyo maana binti yake aliposimamishwa shule hakumtafuta wakili. Alinipigia mimi, shangazi mtu.

Mimi ni mchapaji. Nina mashine mbili, moja nzima na moja ya kunitia presha, na kwa miaka sita nimelichapia fomu lile Shirikisho linalosimamia klabu za michezo ya vijana nchi nzima. Kama huijui michezo yenyewe, ni hivi: vijana watano sita wanakaa mezani, kila mmoja anachukua mhusika wake, huyu jambazi, yule tabibu. Mmoja anasimulia, wengine wanasema wanafanya nini, na kete zinaamua kama wamefaulu. Hakuna anayenyanyuka kwenye kiti. Wakimaliza, karani wa klabu anajaza fomu ya Shirikisho. Nakala nyeupe inakwenda makao makuu, ya manjano inabaki kwao. Binti wa kaka yangu ndiye karani, na tangu hapo nyumbani tunamwita Karani.

Na alikuwa anaandika, jamani. Sisemi kwa sababu ni damu yangu. Kila Jumamosi jioni nilikuwa napita kwao nasomewa ya siku hiyo, chai inapoa mkononi, na wifi yangu ananicheka mtu mzima ninavyouliza kama yule tabibu amepona.

Basi mwalimu wa hesabu akakusanya madaftari, na ndani ya daftari la Karani akakuta nakala ya manjano. "Tulimsubiri mlinzi mpaka akakoroma. Tukamfunga mikono, tukavunja kufuli la ghala. Mimi ndiye niliyeshika taa." Na wiki hiyohiyo kufuli la ghala la shule lilikuwa limevunjwa kweli, kompyuta mbili zimebebwa. Mwalimu mkuu akaona mwizi amejiandikia hati mwenyewe. Jumatano akamsimamisha, na mitihani ya mwisho inaanza Jumatatu. Asipoifanya, mwaka mzima umekwenda na maji.

Karani alimweleza kwamba ni mchezo. Akajibiwa kwamba mchezo huandikwa "tulicheza", hauandikwi "tulivunja". Kama ni kweli, alete barua ya hilo Shirikisho lake, yenye mhuri, kabla ofisi haijafungwa Ijumaa. Wifi yangu akashauri mtoto aombe tu msamaha yaishe. Nikamuuliza, msamaha wa kosa lipi?

Sasa, nyuma ya ile nakala nyeupe kuna maagizo ya jinsi ya kuijaza. Nyuma ya ya manjano hakuna kitu, Shirikisho lilitaka kubana wino. Nyeupe tupu dukani ninazo tele, lakini ningempelekea mwalimu mkuu angesema nimeichapa jana yake, na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikafunga duka, nikaenda kuomba barua.

Katibu wa Shirikisho ni mtu wa tabasamu. Akaniagizia chai. Akaisoma fotokopi ya ripoti ya Karani, ile shule iliyompa kaka yangu, akacheka hasa pale mlinzi anapokoroma, akasema mtoto ana kipaji. Nikamwambia vizuri, basi andika mistari mitatu tu kwamba huu ni mchezo wenu na fomu ni yenu. Tabasamu likayeyuka. Eti Shirikisho halijiingizi katika nidhamu za shule. Eti kibali chao kiko mezani wizarani mwezi huu, na nembo yao haiwezi kuonekana karibu na neno wizi. Nikaomba basi nakala nyeupe ya siku ile. Eti ni kumbukumbu za ndani, hazitoki. Halafu, kama hiyo haikutosha, akasema Karani angekuwa mwangalifu zaidi na maneno yake.

Huyu ndiye aliyewekwa pale kuwatetea watoto hawa! Ada zao zinalipa kiti anachozungukia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamwambia, "Maneno yake? Mmemwagiza ninyi aandike hivyo. Nimeyachapa maagizo hayo mimi, kwa mikono hii."

Akasema atalifikisha kwenye kikao cha mwezi ujao. Nikainuka, chai yake sikuigusa.

Niko kwenye korido natafuta njia ya kutoka, macho yakagonga ukutani. Fremu ya kioo. Ndani yake fomu nyeupe, na mwandiko ule ningeujua hata gizani. "Tulimtilia mfalme sumu kwenye supu, na mimi ndiye niliyemwonjesha." Juu yake mhuri wa Shirikisho, sahihi ya katibu, na maneno Ripoti Bora ya Mwaka. Mtoto hakuwahi kuambiwa. Wanampamba ukutani wageni wamsifie, na siku ya shida hawamjui!

Nikaitoa msumarini. Katibu alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akasema, kwa upole kabisa, "Mama, hiyo ni mali ya Shirikisho."

"Na mtoto je, ni wa nani?"

Nikatoka na fremu kwapani.

Mwalimu mkuu nilimkuta anafunga kabati. Nikalaza fremu kifudifudi mezani pake, nikabandua vibanio kwa kucha, nikaitoa karatasi na kumwekea ule upande wa nyuma. Akavaa miwani. "Andika kama mhusika wako, kwa mimi na sisi. Usiandike tulijifanya." Akasoma tena. Akaigeuza, akasoma habari za supu, akautazama mhuri. Nikamuuliza kama amesikia mfalme yeyote amezikwa karibuni. Akasema Karani aje Jumatatu na kalamu zake. Nikangoja aseme samahani. Safari hii nilihesabu mpaka kumi, na hakuisema.

Mitihani ameifanya, yote. Watu wananiambia nishukuru, na kaka yangu ananisimulia kwa majirani kama shujaa. Mimi nikadhani yamekwisha.

Jumamosi iliyopita nikapita kwao kama zamani. Nikaketi, chai ikaja, nikasubiri kusomewa. Karani hakusoma. Alinisogezea fomu tu, akaendelea kukunja nguo. Nusu nzima ya ukurasa ilikuwa tupu. "Tulikutana watano. Tulijifanya tunasafiri. Tulijifanya tumefika kwenye ngome. Hakuna aliyeumia wala kilichovunjwa. Tulifunga saa kumi."

Nilitaka kurudi kule nikawavunjie vioo vyote vilivyobaki, wao na yule mwalimu mkuu. Nikajizuia kwa ajili yake. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kule ngomeni ni nani aliyeshika taa.

Akalikunja shati la baba yake, akalinyoosha kola kwa kiganja.

"Hakukuwa na taa, shangazi," akasema. "Ni mchezo tu."