Gitaa Moja, Sauti Moja

Siku ya pili studio, Tekla alikuwa ameshamchoka Asukile. Hawakuwa wamepiga pamoja tangu bendi yao ya dansi ivunjike, na sasa walikuwa wamekutana Mbeya kurekodi albamu ya zilipendwa, gitaa moja na sauti moja, bila ngoma wala waitikiaji wa kujifichia. Tekla alikuwa ametoka Iringa kwa mbwembwe. Parokia nzima ilijua mama Happy anakwenda kutoa albamu, maana aliwaambia mwenyewe, na waliosahau aliwakumbusha.

Sauti ilikuwa inatoka, tena vizuri. Tatizo, kwa maoni yake, lilikuwa gitaa. Lilikuwa zito, limepooza, nyuzi zinapwaya.

"Asukile, hiyo gitaa yako imelala," alisema mbele ya Bupe, fundi mitambo. "Au vidole ndiyo vimezeeka?"

"Vimezeeka, mama Happy," Asukile alijibu, akanywa chai yake.

Jibu hilo lilimuudhi zaidi. Mtu akikubali upesi hivyo utamgombezaje? Akamgeukia Bupe.

"Hebu piga noti ya G kwenye kinanda hapo, mwanangu. Tumsaidie mzee masikio."

Bupe akapiga. Asukile naye akapiga G yake, shingo upande. Ilikuwa chini, tena chini sana, hata asiyejua muziki angesikia.

"Umeona!" Tekla akapiga makofi. "Siku mbili nabeba mtu! Kaza nyuzi, baba, tufanye kazi."

"Tuache hivihivi tu, Tekla."

"Kaza."

Akakaza. Wakaanza ule wimbo wa kumuaga mchumba, ambao enzi zile watu wa Chimala waliacha bia mezani wakainuka kuucheza. Ubeti wa kwanza ukaenda. Kwenye kiitikio, pale sauti inapopanda, Tekla akapanda, asikute kitu. Ikatoka pumzi, kisha mkwaruzo. Akarudia, ukatoka mkwaruzo uleule. Bupe akazima mitambo bila kuambiwa, akaanza kupangusa kinanda kisicho na vumbi.

Uso ulimwaka Tekla mpaka masikioni. Aliyekuwa akibebwa siku mbili zile ni yeye.

"Ulilegeza nyuzi tangu jana?"

Asukile aliangalia sakafu, ungedhani yeye ndiye aliyekwama. "Tangu zamani, mama Happy. Ulivyorudi jukwaani kule Mgololo, umetoka kujifungua, sauti iligoma, ukalia. Tukakubaliana tuwe tunalegeza nyuzi, wimbo ushuke uufikie."

"Wewe na nani?"

"Wote. Bendi nzima."

Tekla alikaa. Miaka yote ile alijisifu kwamba sauti yake haijawahi kushuka. Wanakwaya wa parokia aliwacheka mbele za watu kwa kuimba chini. Kumbe kila jioni wanaume wale walilegeza nyuzi kabla hajapanda jukwaani, wakanyamaza, na yeye akawatukana kwa kupiga ovyo. Aliona aibu hata kwa wale waliokwisha kufa.

Alitamani kuchukua mkoba wake akapande basi la Iringa saa hiyohiyo. Lakini alimjua Asukile. Akiulizwa albamu iko wapi, angesema vidole vyake ndivyo vilivyoshindwa.

Akainuka, akarudi kwenye maiki.

"Shusha, Asukile. Nakuomba."

"Kama jana?"

Bupe alikuwa anasikiliza.

"Zaidi ya jana," Tekla alisema. "Hata ya jana ilikuwa inaniumiza."